D moja na E moja

Kila Julai, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, ubishi ule ule hurudi: aliyekosa alama kidogo tu, kwa nini chuo kikuu kisimchukue? Wanaosema achukuliwe huzungumzia kipaji na bahati mbaya. Wanaosema abaki nje huzungumzia hadhi ya shahada. Pande zote mbili huruka hesabu, na bila hesabu hatujui hata tunabishania watu gani.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inamtaka aliyemaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili, ule ambao wanafunzi wanauita prinsipo, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ina nusu pointi, lakini S si prinsipo. Sasa jumlisha. Prinsipo mbili haziwezi kuzaa nusu pointi, kwa hiyo ile sufuri baada ya nukta ni pambo tu. Mwenye prinsipo mbili ana 2, au 3, au 4, na kuendelea hadi 10. Huyu tunayemwita "amekosa kidogo" ana sura moja: D moja na E moja. Chini yake yupo mwenye E mbili. Kando yao lipo kundi la tatu, la ajabu kidogo: mwenye alama nzuri katika somo moja na S au F katika jingine.

Tazama herufi hizo zimebeba nini. D huanzia alama 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39. Mwanafunzi aliyepata 59 katika Historia na 49 katika Jiografia ana alama 108 kwa masomo mawili, lakini pointi zake ni 3, na mlango umefungwa. Mwenzake aliyepata 50 na 50 ana alama 100, pointi 4, na anapanga mizigo. Aliyepata 85 katika Kemia na 39 katika Fizikia ana alama 124, ila prinsipo yake ni moja, hivyo naye yuko nje. Cheti hakionyeshi alama ghafi, kinaonyesha herufi. Ofisa wa udahili hawezi kujua kwamba huyu wa nje kamzidi yule wa ndani kwa alama nane.

Hilo si kosa la mtu. Herufi hurahisisha kazi, na mpaka popote utakapouweka utamwacha mtu hatua moja nje. Lakini linatosha kuonyesha kwamba mpaka huu haupimi kwa usahihi ule tunaoudhania.

Kabla ya kwenda mbali, kuna wanaojiona wamekosa kigezo ilhali wamekosea kuchagua kozi. Pointi 4 zinahesabiwa katika masomo mawili yanayotambuliwa na programu husika, si katika masomo yoyote bora ya mwombaji. Mwanafunzi wa PCM mwenye C ya Kemia, D ya Fizikia na E ya Hisabati ana pointi 3 kwa programu inayodai Fizikia na Hisabati, na pointi 5 kwa programu inayokubali Kemia na Fizikia. General Studies haihesabiwi kabisa. BAM, yaani Hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, haileti pointi, ila zipo programu zinazoidai kama sharti la ziada, au zinadai alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne badala yake. Tangu mwaka 2017 maombi yanapelekwa chuo kimoja kimoja badala ya mfumo mmoja wa TCU, kwa hiyo hakuna mfumo wa pamoja wa kumhamishia mwombaji kwenye kozi inayomfaa. Kitabu cha mwongozo cha TCU kinayo masharti ya kila programu, na anayekisoma mstari kwa mstari kabla ya dirisha la kwanza kufungwa hujiokolea mwaka.

Turudi kwenye mpaka wenyewe. Watetezi wake huuzungumzia kana kwamba ulishushwa kutoka mbinguni. Waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa ngazi nyingine: kulikuwa na B+, na C ilikuwa na pointi 2 badala ya 3. Kigezo chao kikaandikwa C mbili. Mwenye C mbili wa 2015 ana pointi 4, mwenye C mbili wa 2016 ana pointi 6. Herufi ile ile, nchi ile ile, tofauti ya mwaka mmoja. Na matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalifutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena Mei 2013, na watu waliokuwa wamefeli wakaamka wamefaulu bila kushika kalamu.

Kenya ina mfano mkubwa zaidi. Kule kigezo cha kusomea shahada ni C+ katika KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari. Mwaka 2015 watahiniwa 169,492 walipata C+ na kuendelea. Baada ya wizi wa mitihani, bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa Machi 2016, udhibiti ukakazwa chini ya waziri Fred Matiang'i, na mwaka 2017 waliofika C+ wakawa 70,073 kati ya watahiniwa zaidi ya 610,000. Mwaka 2023 wastani ukaanza kukokotolewa kwa njia nyingine: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Mwaka 2024 waliofika C+ wakawa 246,391 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000. Kigezo hakikusogea hata hatua moja, lakini sehemu ya watahiniwa waliokivuka ilitoka karibu theluthi, ikashuka hadi kama mmoja kati ya tisa, ikapanda tena hadi mmoja kati ya wanne. Anayesema C+ inalinda ubora atuambie ni C+ ya mwaka upi.

Mtu akifika hapa anaweza kudhani naelekea kusema mpaka uondolewe. Hapana. Mpaka butu bado una kazi, na kazi yenyewe iko katika wiki kumi na tano za muhula wa kwanza.

Chukua programu yenye Hisabati ndani yake: uhandisi, takwimu, uchumi. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza hafundishi upya kutafuta nyambuo (derivative). Anaigusa wiki ya kwanza, ya pili anaitumia, ya nne anadhani kila mtu anayo. Mwenye E alipata chini ya nusu ya mtihani wa somo hilo, na mara nyingi nusu aliyoikosa ndiyo ile ngumu ya mwishoni mwa muhtasari, ambayo chuo kinaanzia hapo. Darasa lina watu mia tatu au mia nne. Semina, ambazo zingepaswa kuwa za watu ishirini na tano, zina watu sitini kwa sababu wahadhiri wasaidizi ni wachache. Jaribio la kwanza hurudi wiki ya saba au ya nane, na aliyepotea hapo ndipo anapojua kwamba amepotea, huku nusu ya muhula imekwisha. Kinachofuata wanafunzi wanakijua kwa majina yake: sapu, yaani mtihani wa marudio, kisha kubeba somo hadi mwaka unaofuata, na kwa wengine kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Anayedisko haondoki mikono mitupu, anaondoka na deni. Bumu alilopokea ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, na mkopo haufutwi kwa sababu shahada haikupatikana. Akija kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi inakatwa kama ya aliyehitimu, ila mwenzake anakatwa mshahara wa mhandisi na yeye wa karani. Huruma inayomwingiza mtu chuoni bila kumwandaa humwachia yeye bili.

Kisha kuna suala la fedha za chuo chenyewe, ambalo watu wa vyuo hulisema kwa sauti ya chini. Chuo kinachoishi kwa ada kina viti vitupu kila Oktoba. Kiti kitupu ni hasara ya miaka mitatu, kwa maana asiyeingia mwaka wa kwanza hatalipa ada ya pili wala ya tatu. Kenya iliona hilo baada ya 2016: waliofika C+ walipopungua, karibu wote wakapata nafasi za kudhaminiwa na serikali, na wanafunzi wa kujilipia ambao vyuo vya umma vilikuwa vimewategemea wakatoweka. Madeni ya vyuo hivyo hayajaisha kuzungumzwa hadi leo. Ukimpa ofisa wa udahili wa chuo chenye njaa mamlaka ya kuamua nani "ana uwezo ingawa alama hazikutosha", umempa mamlaka ya kuamua kama mishahara ya Desemba itatoka. Uamuzi huo hautakuwa wa kitaaluma.

Wengine hupendekeza usaili na barua za mapendekezo badala ya alama. Tumeshawahi kujaribu kitu cha namna hiyo. Azimio la Musoma la 1974 lilimtaka kijana wa kidato cha sita akafanye kazi kwanza, na njia ya chuo kikuu ikapita kwa mwajiri na kwa chama vilivyomwandikia kwamba anafaa. Wazo lilikuwa zuri, watu wazima wenye uzoefu wakapata nafasi. Lakini wasichana chuoni walipungua kiasi kwamba baada ya muda mfupi walisamehewa sharti la kufanya kazi kwanza. Mtihani una upofu wake, na barua ya bosi ina wake pia, tena wa bosi unaona sana jina la ukoo.

Mwaka 2016 ndio ulioharibu mjadala huu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa na stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati kwa waliomaliza kidato cha nne. Mwishoni mwa Mei wanafunzi zaidi ya 7,000 walirudishwa nyumbani, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akawaita vilaza. Neno likashika, na tangu hapo yeyote anayezungumzia njia mbadala ya kuingia chuoni huulizwa kama anataka kurudisha vilaza. Watu wakasahau mambo mawili. Kwanza, wale hawakudahiliwa kusoma shahada, walidahiliwa kusoma stashahada. Pili, kilichosimamisha masomo kilikuwa mgomo wa wahadhiri waliodai malipo ya kufundisha programu hiyo. Wengi wa wanafunzi wale baadaye walihamishiwa vyuo vya ualimu vya Serikali. Funzo la kiutawala lilikuwa wazi: programu ya maandalizi isiyo na walimu wake yenyewe wala bajeti yake yenyewe itaanguka, hata wanafunzi wawe akina nani. Funzo hilo halikuchukuliwa. Tukachukua tusi.

Kwa hiyo nani afanye nini na D moja na E moja?

Milango iliyopo ni zaidi ya watu wanavyodhani. Mwenye prinsipo moja na S moja anaweza kuanza stashahada katika ngazi ya 5 ya NTA, mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi, akamaliza ya 6, na akipata GPA ya 3.0 anaomba shahada kwa sifa linganifu. Ni miaka miwili, na anatoka na cheti kinachoajirika hata kama shahada haitafika. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya awali: kwa wa kidato cha sita inataka pointi zisizopungua 1.5 katika masomo mawili, na ili imfikishe mtu kwenye shahada lazima apate GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi pamoja na C katika masomo matatu ya kundi lake, la sanaa, sayansi au biashara. Angalia hizo pointi 1.5: ni E moja na S moja. Kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, njia ya bei nafuu lakini ya upweke, na inayomfaa zaidi yule wa A na S ambaye somo moja tu ndilo lililomwangusha. Na kuna mtihani wa utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa watu wazima.

Tatizo la milango hii ni kwamba, ukiacha ya Huria, yote inamtenga mtu na chuo anachokitaka. Hapo ndipo naona nafasi ya kubadilisha kanuni, na ni nafasi nyembamba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuipitia mwishoni mwa miaka ya 1990, kilipowaita wasichana wa sayansi waliokaribia kigezo, kikawafundisha kozi ya awali, kikawapima, kisha ndipo kikawadahili waliofaulu. Mpangilio wake ndio muhimu: kufundisha, kupima, kudahili. Sisi tunapenda kudahili kwanza. Vyuo vingi vya Afrika Kusini vinafanya jambo linalofanana kwa kurefusha shahada ya miaka mitatu iwe minne.

Tuseme chuo kinaruhusiwa kuchukua wa pointi 3, yaani D na E, wasiozidi mia moja, kwa mwaka wa maandalizi. Masomo manne: mawili ya programu, Hisabati ya msingi, na uandishi wa kitaaluma kwa Kiingereza, kwa sababu wengi huanguka kwenye kusoma kurasa arobaini kwa wiki kabla hawajaanguka kwenye somo lenyewe. Kila somo saa nne za mhadhara na saa tatu za semina kwa wiki, semina ya watu ishirini na tano. Makundi manne kwa masomo manne kwa saa tatu ni saa 48, ongeza saa 16 za mihadhara, jumla 64. Mwalimu mmoja akibeba saa 16, wanahitajika walimu wanne wasio na kazi nyingine. Wanne. Chuo kisichoweza kuajiri wanne kisifungue mlango. Kwa wiki thelathini kila mwanafunzi atapata saa 210 kwa somo. Jaribio la kupima pengo lifanyike wiki ya kwanza, la pili wiki ya sita na si ya nane, na mtihani wa mwisho utungwe na kusahihishwa na chuo kingine, kwa maana chuo kinachosubiri ada hakifai kujipimia.

Nani alipe? Hili ndilo gumu, na wapendekezaji wengi hulipita kwa haraka. Mwanafunzi akijilipia yote, mlango huu utakuwa wa watoto wa wenye uwezo, na yule wa shule ya kata ambaye Fizikia aliisoma bila mwalimu atabaki pale pale. Akilipiwa kwa mkopo, tunarudi kwenye deni bila shahada. Napendelea chuo kibebe nusu ya gharama na kurudishiwa na Serikali kwa kila anayefaulu kuingia mwaka wa pili wa shahada. Chuo kitachagua kwa makini mtu ambaye kufeli kwake kunakigharimu.

Kuchagua kwenyewe kunawezekana bila barua za bosi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini matokeo ya kila kituo bado yako wazi, pamoja na hali ya kila somo kituoni. D ya Fizikia kutoka kituo ambako wengi walipata S na F ni kitu tofauti na D kutoka kituo ambako wengi walipata B. Ila tahadhari: shule nyingi za kidato cha tano na sita ni za bweni na huchukua watoto kutoka nchi nzima, kwa hiyo ukitaka kujua mtoto ametoka wapi tazama pia kituo chake cha kidato cha nne. Namba zote mbili za mtihani ziko kwenye fomu ya maombi.

Na udaktari? Uhandisi wa majengo? Programu za afya zina kigezo chake cha juu, Udaktari wa Binadamu unataka pointi zisizopungua 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na sioni sababu ya mwaka wa maandalizi kuugusa. Kule tayari kuna njia ndefu inayoheshimika: tabibu mwenye stashahada na GPA inayotakiwa hurudi kusomea shahada akiwa ameshaona wagonjwa. Kwa uhandisi ningekubali wa E ya Kemia, nisingekubali wa E ya Hisabati.

Kuna kosa moja la kiutaratibu ambalo lisipozibwa litaharibu yote. Mwanzoni mwa 2017 TCU ilitoa orodha ndefu ya wanafunzi waliokuwa tayari madarasani lakini hawakuonekana kuwa na sifa, na vyuo vikahangaika kuwasilisha vielelezo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeambiwa hana sifa amepoteza zaidi ya yule aliyekataliwa mlangoni. Jina la kila wa mwaka wa maandalizi liingie TCU siku anayoanza, kwa namba yake ya mtihani na alama ya njia aliyoingilia, na uhakiki ufanyike mara mbili tu: anapoanza maandalizi na anapovuka kwenda shahada.

Alama hiyo ya njia ina faida nyingine. Kila chuo kina mfumo wa matokeo unaojua nani aliingia kwa kidato cha sita, nani kwa stashahada, nani kwa kozi ya awali. Kitabu cha mwongozo cha TCU kina safu ya sifa, safu ya nafasi na safu ya muda wa kila programu. Waongeze safu moja: kati ya mia walioingia kwa kila njia mwaka uliopita, wangapi wameingia mwaka wa pili.